Hali Safi na Hali Mchanganyiko katika Mfungamano wa Kwanta: Uhusiano wa Mfumo Mzima na Sehemu Zake

Ikisiri

Makala haya yanafafanua tofauti iliyopo kati ya hali safi na hali mchanganyiko katika fizikia ya kwanta, na kuonesha nafasi ya tofauti hiyo katika kuuelewa mfungamano wa chembe. Hoja kuu ni kwamba mfumo wa chembe mbili unaweza kujulikana kikamilifu ilhali kila chembe, ikitazamwa peke yake, haijulikani hata kidogo. Kutojulikana huko hakutokani na upungufu wa mpimaji, bali ni alama ya mfungamano wenyewe. Mfano unaotumika ni wa fotoni mbili na polarizesheni zake. Makala yanaonesha pia kwa nini mfungamano hauwezi kupeleka ujumbe, kwa nini ni vigumu kuutambua pale jozi inapokuwa imechafuka, na kwa nini usafi wa jozi ni msingi wa usiri wa mawasiliano.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1935 Albert Einstein, Boris Podolsky na Nathan Rosen walichapisha hoja iliyodai kwamba maelezo ya ulimwengu yatolewayo na fizikia ya kwanta hayajakamilika. Walitumia mfano wa chembe mbili zilizowahi kukutana kisha zikatengana, ambapo kuipima moja kunawezesha kutabiri kwa uhakika matokeo ya nyingine iliyo mbali. Mwaka huohuo Erwin Schrödinger aliupa uhusiano huo jina la Kijerumani, Verschränkung, ambalo katika makala haya linaelezwa kwa neno mfungamano. Schrödinger alibainisha jambo ambalo kwake lilikuwa ndiyo sifa kuu inayoitenga fizikia ya kwanta na fizikia iliyotangulia: kuujua mfumo mzima kwa kiwango cha juu kabisa hakulazimishi kuzijua sehemu zake kwa kiwango hicho.

Kauli hiyo inapingana na mazoea ya akili. Asiyejua chochote kuhusu sura hata moja ya kitabu hawezi kusemwa kuwa anakijua kitabu chote. Ili kuonesha kwamba kauli ya Schrödinger si kitendawili tu bali ni maelezo sahihi ya maumbile, ni lazima kwanza ielezwe maana ya kujua na kutojua katika fizikia ya kwanta. Kazi hiyo hufanywa na dhana mbili: hali safi na hali mchanganyiko.

2.0 Hali Safi

Fotoni ni chembe ya mwanga. Mtetemo wa uga wake wa umeme una mwelekeo, na mwelekeo huo ndio uitwao polarizesheni. Kichujio cha polarizesheni kikiwekwa mbele ya fotoni, ama fotoni hupita ama huzuiwa. Hakuna nusu ya fotoni inayopita. Katika ufafanuzi huu, herufi L inawakilisha polarizesheni ya mlalo na herufi W polarizesheni ya wima.

Fizikia ya kwanta inaruhusu pia hali zinazoundwa kwa kujumlisha L na W. Mbili kati ya hizo ni za mshazari:

M+ = (L + W)/√2
M− = (L − W)/√2

M+ ni polarizesheni ya nyuzi 45, na M− ni polarizesheni ya nyuzi 135. Fotoni iliyo katika hali M+ ikikutana na kichujio cha mlalo, uwezekano wake wa kupita ni nusu, na hakuna awezaye kutabiri kama itapita. Hata hivyo, fotoni hiyohiyo ikikutana na kichujio cha nyuzi 45, itapita kila mara bila shaka yoyote.

Hapa ndipo ilipo maana ya hali safi. Hali ni safi ikiwa kuna kipimo kimoja kamili ambacho matokeo yake yanaweza kutabiriwa kwa uhakika. Hali M+ ni safi sawasawa na hali L. Tofauti yake ni swali linalopaswa kuulizwa tu. Ni kosa basi kudhani kwamba kila penye matokeo ya kubahatisha pana upungufu wa maarifa. Kubahatisha kwa M+ mbele ya kichujio cha mlalo kunatokana na swali kutoafikiana na hali, wala si kwa sababu aliyeitayarisha fotoni ameficha jambo.

3.0 Hali Mchanganyiko na Matriksi ya Densiti

Ichukuliwe sasa kwamba mtayarishaji anarusha sarafu kabla ya kutoa kila fotoni. Upande mmoja ukitokea anatoa fotoni ya L, na upande wa pili ukitokea anatoa ya W. Mpokeaji haambiwi matokeo ya sarafu. Mbele ya kichujio cha mlalo, nusu ya fotoni zitapita, kama ilivyokuwa kwa M+. Mbele ya kichujio cha nyuzi 45 tofauti inajitokeza: fotoni za M+ zote hupita, lakini za sarafu hupita nusu tu. Kwa hakika, kichujio kigeuzwe upande wowote, fotoni za sarafu zitapita nusu. Hakuna swali lenye jibu la uhakika, na hali ya namna hii huitwa hali mchanganyiko.

Kwa kuwa hali mchanganyiko haiwezi kuandikwa kama jumla ya L na W, inahitajika zana nyingine. Zana hiyo ni jedwali la namba liitwalo matriksi ya densiti, ambalo John von Neumann na Lev Landau walilianzisha mwaka 1927, kila mmoja kwa njia yake. Kwa mifano miwili iliyotajwa, matriksi ni hizi:

Hali M+:
½  ½
½  ½

Hali ya sarafu:
½  0
0  ½

Namba za ulalo, yaani kuanzia pembe ya juu kushoto hadi pembe ya chini kulia, zinatoa uwezekano wa kupata L na W. Katika mifano yote miwili namba hizo ni sawa. Namba zilizo nje ya ulalo ndizo zinazobeba uhusiano kati ya L na W ndani ya fotoni moja. Katika M+ zipo kwa ukamilifu. Katika hali ya sarafu zimetoweka.

Usafi wa hali hupimwa kwa kuizidisha matriksi kwa yenyewe, kisha kujumlisha namba za ulalo za jibu. Kwa hali safi jumla huwa 1. Kwa fotoni moja iliyochanganyika kabisa jumla ni ½, na kwa jozi ya fotoni iliyochanganyika kabisa ni ¼.

Jambo moja zaidi linahitaji kusisitizwa, kwa kuwa hoja ya sehemu ya tano inalitegemea. Iwapo mtayarishaji angerusha sarafu na kuchagua kati ya M+ na M− badala ya L na W, matriksi ingekuwa ileile. Namba za nje ya ulalo za M+ ni chanya na za M− ni hasi, hivyo zinapochanganywa nusu kwa nusu zinafutana. Matokeo ya vipimo vyote yanategemea matriksi peke yake. Kwa hiyo mpokeaji asiyeambiwa matokeo ya sarafu hawezi kugundua ni mapishi gani kati ya hayo mawili yaliyotumika, hata akizipima fotoni milioni moja.

4.0 Jozi Iliyofungamana

Maabara zina uwezo wa kutoa fotoni mbili kwa pamoja katika hali ifuatayo, ambapo herufi ya kwanza ni ya fotoni ya kwanza na ya pili ni ya fotoni ya pili:

F = (LL + WW)/√2

Hii ni hali safi. Kuna kipimo cha pamoja cha fotoni zote mbili ambacho jibu lake ni la uhakika, na usafi wake ni 1. Hata hivyo, haiwezekani kuigawa katika hali ya fotoni ya kwanza na hali ya fotoni ya pili. Hali safi isiyogawanyika hivyo ndiyo iliyofungamana.

Ili kuona upekee wake, F inafaa kulinganishwa na jozi ya sarafu, ambapo mtayarishaji anatoa LL au WW kwa kubahatisha. Jozi ya sarafu inafanana na jozi ya viatu iliyotenganishwa katika vifurushi viwili. Anayefungua kifurushi kimoja na kukuta kiatu cha kushoto anajua papo hapo kwamba kingine ni cha kulia, na hakuna ajabu yoyote, kwa kuwa kila kiatu kilikuwa kile kilichokuwa tangu mwanzo.

Vichujio vyote viwili vikiwekwa mlalo, jozi F na jozi ya sarafu hutoa matokeo yaleyale: fotoni mbili hulingana daima. Vichujio vikigeuzwa hadi nyuzi 45, jozi hizo zinaachana. Katika jozi ya sarafu kila fotoni ni L au W, hivyo kila moja hupita kwa bahati yake, na matokeo hulingana nusu ya mara tu. Katika F matokeo bado hulingana daima, kwa sababu hali hiyo inaweza kuandikwa upya bila kubadilika:

F = (M+M+ + M−M−)/√2

Mtetezi wa mfano wa viatu anaweza kujibu kwamba labda kila fotoni hubeba orodha ya maagizo, moja kwa kila pembe ya kichujio. Jibu hilo lilipatiwa kipimo na John Bell mwaka 1964. Bell alithibitisha kwamba maagizo ya namna hiyo, ikiwa hayaathiriwi na kinachofanyika mbali, yana kikomo cha kiasi ambacho matokeo yanaweza kulingana katika pembe mbalimbali. Katika umbo lililotolewa mwaka 1969 na John Clauser, Michael Horne, Abner Shimony na Richard Holt, kikomo hicho ni 2, ilhali fizikia ya kwanta inaruhusu kufikia 2√2, yaani takribani 2.83. Majaribio ya Stuart Freedman na Clauser ya mwaka 1972, ya Alain Aspect na wenzake ya mwaka 1982, na yale ya mwaka 2015 yaliyoziba mianya mikuu iliyokuwa imebaki, yote yalionesha kwamba kikomo cha Bell kinavukwa. Aspect, Clauser na Anton Zeilinger walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2022.

Sasa yafaa kuuliza: fotoni ya kwanza ya jozi F, ikitazamwa peke yake, iko katika hali gani? Jibu hupatikana kwa kujumlisha uwezekano wote wa fotoni ya pili bila kujali matokeo yake. Matriksi inayobaki ina ½ na ½ kwenye ulalo na sifuri kwingineko. Ni matriksi ileile ya sarafu. Hakuna kichujio ambacho matokeo yake kwa fotoni hiyo yanaweza kutabiriwa.

Kwa lugha ya entropia, ambayo hupima kiasi cha kutojulikana, jozi nzima ina biti 0 ilhali kila fotoni ina biti 1. Katika mifumo ya kawaida jambo hili haliwezekani, kwa kuwa kisichojulikana katika sehemu ni lazima kihesabiwe pia katika mfumo mzima. Katika mfungamano, maarifa yote yamo katika uhusiano wa fotoni mbili na hakuna yaliyobaki ndani ya fotoni moja moja. Hiyo ndiyo maana kamili ya kauli ya Schrödinger.

Mwanafizikia Mfaransa Bernard d'Espagnat alisisitiza kwamba michanganyiko hii miwili isichukuliwe kuwa kitu kimoja ingawa matriksi zake ni sawa. Katika mchanganyiko wa sarafu kuna ukweli ambao mtu fulani anaujua na mwingine hajaambiwa. Katika fotoni ya jozi F hakuna siri iliyofichwa na mtu yeyote. Kwa hali safi ya jozi, kanuni ni nyepesi na kamilifu: jozi imefungamana ikiwa, na ikiwa tu, kila sehemu yake iko katika hali mchanganyiko.

5.0 Kwa Nini Mfungamano Haupeleki Ujumbe

Kulingana kwa fotoni zilizo mbali kumewashawishi watu kutafuta njia ya kupeleka habari kwa kasi inayozidi ya mwanga. Mwaka 1982 Nick Herbert alichapisha pendekezo la aina hiyo. Kwa umbo lililorahisishwa, mtumaji angeipima fotoni yake kwa kichujio cha mlalo au cha nyuzi 45. Katika hali ya kwanza fotoni ya mpokeaji ingekuwa L au W. Katika hali ya pili ingekuwa M+ au M−. Mpokeaji angenakili fotoni yake mara nyingi kwa kikuza mwanga, angezipima nakala, na hivyo angetambua ni kichujio gani kilichotumika.

Hoja ya sehemu ya tatu inaonesha mahali pendekezo linapokwama. Mpokeaji hajui matokeo ya mtumaji. Kwake, mchanganyiko wa L na W na mchanganyiko wa M+ na M− una matriksi moja, nayo ndiyo ileile aliyokuwa nayo kabla mtumaji hajagusa chochote. Tumaini pekee lilikuwa kunakili. William Wootters na Wojciech Zurek, na kwa upande wake Dennis Dieks, walithibitisha mwaka huohuo wa 1982 kwamba hakuna kifaa kinachoweza kunakili kwa ukamilifu hali ya kwanta isiyojulikana. Kosa la Herbert liliacha faida: kanuni ya kutonakili sasa ni mojawapo ya nguzo za taaluma ya habari za kwanta.

Kwa hiyo kule kuchanganyika kabisa kwa sehemu, ambako kwa mtazamo wa kwanza ni hasara, ndiko kunakoufanya mfungamano uafikiane na nadharia ya Einstein ya uhusianifu. Ulingano wa fotoni huonekana pale tu orodha za matokeo ya pande mbili zinapokutanishwa, na orodha hizo husafirishwa kwa njia za kawaida.

6.0 Mfungamano Ndani ya Hali Mchanganyiko

Katika maabara hakuna jozi iliyo safi kabisa. Fotoni hupita katika nyuzi za kioo na angani, na vigunduzi vina makosa. Kila chembe ya mazingira inayoathiriwa na jozi hufungamana nayo, na jozi inakuwa sehemu tu ya mfumo mkubwa zaidi. Kwa kanuni ileile ya sehemu ya nne, sehemu ya mfumo uliofungamana huwa mchanganyiko. Mfungamano na mazingira ndio unaochafua mfungamano wa jozi.

Hapo kanuni nyepesi ya hali safi inapoteza nguvu. Sehemu za jozi ya sarafu nazo zimechanganyika, ingawa jozi hiyo haina mfungamano wowote. Hivyo swali linabadilika: je, mchanganyiko uliopo unaweza kutengenezwa kwa sarafu na fotoni zisizofungamana? Ikiwa hauwezi, basi una mfungamano.

Mfano maarufu ulitolewa na Reinhard Werner mwaka 1989. Ichukuliwe kwamba jozi ina sehemu p ya hali iliyofungamana kabisa, na iliyobaki ni mchanganyiko kamili usio na ulingano wowote. Kipimo rahisi ni kukokotoa ulingano katika kila pembe, yaani kiwango cha matokeo yanayofanana kikitolewa kiwango cha yanayotofautiana. Kwa mchanganyiko wowote usiofungamana, ulingano wa mlalo na wa nyuzi 45, bila kujali alama, haviwezi kuzidi 1 vikijumlishwa. Jozi ya sarafu inafikia 1 kwa 1 + 0, na F inafikia 2. Jozi ya Werner inatoa 2p, hivyo mfungamano unaonekana p inapozidi ½. Ulingano wa polarizesheni ya mduara ukiongezwa, jumla inakuwa 3p ilhali kikomo kinabaki 1, na mfungamano unathibitika p inapozidi ⅓.

Hata hivyo, kikomo cha Bell cha mwaka 1969 kinavukwa na jozi hizo pale tu p inapozidi takribani 0.71. Werner alionesha zaidi ya hapo: p ikiwa ½, matokeo ya vichujio vyote yanaweza kuigizwa na orodha za maagizo, ingawa jozi imefungamana. Kwa hali safi, kufungamana na kuvuka kikomo cha Bell huenda pamoja. Kwa hali mchanganyiko, mambo hayo mawili yanatengana.

Mwaka 1996 Asher Peres alipendekeza jaribio la kihisabati linalogeuza matriksi ya upande mmoja wa jozi. Michał, Paweł na Ryszard Horodecki wakathibitisha mwaka huohuo kwamba jaribio hilo linatosha kwa jozi ya fotoni mbili za polarizesheni. Kwa mifumo mikubwa halitoshi, na mwaka 2003 Leonid Gurvits alithibitisha kwamba kwa ujumla tatizo la kuutambua mfungamano ni miongoni mwa matatizo magumu ya ukokotozi.

7.0 Usafi na Usiri

Tofauti iliyofafanuliwa ina matumizi ya moja kwa moja. Mwaka 1991 Artur Ekert alipendekeza njia ya watu wawili kupata ufunguo wa siri kwa kugawana jozi zilizofungamana. Msingi wa usalama wake ni huu: jozi ikiwa katika hali safi, haiwezi kuwa imefungamana na kitu kingine chochote duniani, kwa kuwa ingekuwa hivyo jozi yenyewe ingekuwa mchanganyiko. Anayedukua ni lazima aguse jozi, na akiigusa kwa namna ya kumpatia habari, anaichafua. Wahusika wanapopima sehemu ya jozi zao na kukuta ulingano umepungua, huchukulia kwamba uchafu wote ni kazi ya mdukuzi, na hukokotoa habari nyingi kabisa anazoweza kuwa nazo. Uchafu ukizidi kiasi, ufunguo hutupwa.

Jozi zilizochafuka kidogo zina tiba. Mwaka 1996 Charles Bennett na wenzake walionesha jinsi jozi nyingi za usafi mdogo zinavyoweza kuchujwa hadi kupatikana jozi chache zilizo karibu na hali safi. Umuhimu wa tiba hiyo unakua kadiri umbali unavyokua. Mwaka 2017 setilaiti ya China iitwayo Micius iligawa fotoni zilizofungamana kwa vituo viwili vilivyotengana kwa kilomita 1,203.

8.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba neno mchanganyiko katika fizikia ya kwanta lina asili mbili. Mchanganyiko unaweza kutokana na mtu kutoambiwa jambo lililokwisha kuamuliwa, na unaweza kutokana na sehemu kutenganishwa na mfumo uliofungamana nao. Mpimaji wa sehemu peke yake hana njia ya kutofautisha asili hizo. Kutoweza huko ndiko kunakozuia ujumbe kukimbia kuliko mwanga, na ndiko kunakowalazimu watumiaji wa mfungamano kuzikutanisha orodha za pande mbili kabla ya kudai lolote. Anayetaka kujua kama fotoni imefungamana hatalipata jibu ndani ya fotoni hiyo. Ni lazima aitafute jozi yake.